Rangi ya Karkade

Koboko, 3 Julai 1972

Kwa mjukuu wangu Sadiya, mwandishi mkuu wa wagonjwa wote wa Arua (kama si mkuu, nimekupandisha cheo mimi),

Salaam alekum wewe na majirani zako wa Awindiri, hata yule mwenye jogoo asiyejua saa. Sisi huku iko wazima. Bibi yako Medina mguu wake unauma mvua ikikaribia, mdomo wake hauumi kabisa. Mbuzi mweusi amezaa wawili, mmoja ametoka na ndevu zake tayari, tumemwita Imamu. Usimwambie Imamu. Cherehani inatembea. Wiki hii nimeshona kanzu tatu, moja shingo imekuja mgongoni, mwenyewe bado hajajua.

Sasa kuna jambo dogo, la kupitisha wakati tu. Unamjua Tahiru, rafiki yangu wa jeshini, yule wa meno mawili. Basi Tahiru anakojoa nyekundu. Si kila siku. Anakojoa nyekundu leo na kesho, halafu safi, halafu nyekundu tena. Haumwi. Yeye anasema ni karkade, na unajua sisi watu wa Koboko: wazee wetu walitoka Sudani na bunduki mkono mmoja na maua ya karkade mkono wa pili. Bunduki tulirudisha, maua tulibaki nayo. Asubuhi birika la karkade, jioni birika la karkade. Kinachoingia chekundu kitatoka chekundu, mtu hahitaji kufika darasa la tatu kama mimi kujua hiyo.

Nikamwambia nitauliza mjukuu wangu anayekaa na kitabu cha hospitali. Uliza pole pole, kama mutu anayeuliza bei ya kitu asichotaka.

Barua hii anakuletea Ondoga wa basi. Mpe chai, usimpe nafasi ya kuisoma.

Babu yako,
Taban, mpiga buruji mstaafu


Awindiri, Arua, 16 Julai 1972

Babu yangu,

Alekum salaam. Nakupigia goti hapa kwenye karatasi, na Bibi Medina pia. Mama amepona homa. Mdogo wangu Zulaika amefaulu mtihani wake, sasa anatembea nyumbani kama mke wa gavana. Jogoo wa jirani amechinjwa, kwa hiyo salamu zako zimemkuta kwenye sufuria.

Babu, jambo lako dogo limenikuta vibaya. Nitakueleza.

Mwezi uliopita Dokta wetu Mhindi aliniambia nifungue vitabu vya miaka sita. Nitoe majina ya wote waliokuja na damu kwenye mkojo wakakutwa na uvimbe ndani ya kibofu, niwapange kwa sehemu wanazotoka. Pembeni nikapiga mistari miwili. Mmoja nimeuita Mapema, wa pili Amechelewa. Wa mapema ni yule ambaye Dokta anamwandikia barua ya kwenda Kampala, akapasuliwe. Aliyechelewa anapewa dawa ya maumivu, anarudi kwao.

Watu wa Ayivu walikuwa kumi na wanne. Waliochelewa wanne. Watu wa Koboko walikuwa kumi na mmoja. Waliochelewa tisa.

Dokta aliweka kidole juu ya neno Koboko, akaniuliza: “Sadiya, kwenu kuna nini? Ugonjwa ni uleule. Wa Ayivu anakuja baada ya wiki, wa kwenu baada ya mwaka. Njia ni ndefu hivyo?” Nikasema basi lipo kila siku. Anawauliza wote kama wanavuta tumbaku, na hapa kwetu hiyo ni sawa na kumuuliza bata kama anaoga. Kesho yake ikaja barua yako.

Watu wa Ayivu hawanywi karkade, Babu. Mkulima wa Ayivu akiona nyekundu, anaona damu.

Mwambie Babu Tahiru aache karkade siku saba. Ikibaki nyekundu, apande basi. Wala asingoje maumivu.

Mjukuu wako,
Sadiya


Koboko, 14 Agosti 1972

Sadiya mwenye kitabu,

Salaam nyingi. Unaandika Kiswahili kama mutu ya redio, Medina amenifanya nisome mara mbili, mara ya pili kwa kusikia utamu tu. (Mambo ya Tahiru niliyaruka.) Imamu ameanza kupanda juu ya paa. Mwenye kanzu ya shingo mgongoni amejua. Nimemwambia ni mtindo wa Khartoum, ameshukuru.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sindano ilinichoma kidole cha kuandikia.

Habari ya Tahiru ni nzuri! Ameacha karkade. Siku ya kwanza nyekundu, ya pili nyekundu, ya tatu kama chai ya maskini, ya nne safi. Safi siku kumi na moja! Kwa hiyo karkade imeshitakiwa na imeonekana na hatia. Tahiru alifurahi sana, siku ileile akanywa glasi nne za karkade kushangilia. Sasa ni nyekundu tena, lakini sababu yake tunaijua, kwa hiyo hakuna wasiwasi. Shida iliyobaki ni kuamka. Anaamka mara tano, mara sita usiku, Medina anasema atamfungia kengele shingoni.

Hao tisa wa kitabu chako labda walikuwa wazee tu. Wazee wanakufa, ndiyo kazi yetu.

Umesikia redio? Wahindi wamepewa siku tisini watoke nchini. Mhindi anayeniuzia uzi alikuwa anafunga masanduku jana, akanipa vifungo kopo zima bila kuhesabu. Mutu huyu alikuwa anahesabu hata pini. Nikasahau kumtania.

Taban


Awindiri, 27 Agosti 1972

Babu,

Salaam na goti. Sisi wazima. Mama anauliza kama Bibi ana dawa ya mguu ya kutosha.

Babu Tahiru alipita hapa Ijumaa, amekuja harusi ya mtoto wa dada yake. Alikaa kwetu kuanzia asri hadi magharibi. Alikunywa karkade glasi tatu, akasifu. Sikumwuliza kitu. Ila nimejiuliza mwenyewe: tangu lini Bibi Medina analala kwa Tahiru mpaka amchoke kwa kuamka?

Dokta anasema damu ile ina ujanja. Inatoka, inapotea wiki mbili, mtu anashukuru Mungu, na ndani ugonjwa unaendelea kujenga nyumba. Siku kumi na moja safi si habari nzuri.

Na yeye pia anakwenda. Siku yake ya mwisho hospitalini ni Ijumaa, 20 Oktoba. Baada yake hatujui nani atakuja, au kama atakuja mtu. Kampala hawampokei mtu wa ugonjwa huu bila barua yake.

Sisemi zaidi.

Sadiya


Koboko, 13 Septemba 1972

Mjukuu wangu,

Salaam. Bibi yako hajambo. Imamu amekula kola ya kanzu ya Hakimu.

Basi. Umemshika fisi mkia, sasa unataka nini, umvute? Ni mimi. Nimeandika mara moja, usinifanye niandike mara ya pili.

Ni tangu Machi. Na nikuambie kitu ambacho hata Medina hajui: mimi sipendi karkade. Tangu utoto inanikaza meno. Nilianza kuinywa Machi, birika zima kwa siku, ili asubuhi akimwaga chombo changu cha usiku aone sababu iko palepale mezani. Miezi sita nakunywa kitu nisichokipenda ili nimdanganye mwanamke niliyekaa naye miaka arobaini. Halafu wiki iliyopita nikarudi kutoka kwa cherehani, nikamimina. Ukwaju! Rangi ya vumbi. Kesho yake ukwaju. Mpaka leo ukwaju. Medina ameiondoa ile sababu mezani. Tunakunywa tukitazamana juu ya vikombe kama watu wawili wanaoficha karata.

Unajiuliza kwa nini siji. Yakani jirani yetu alikwenda Arua mwaka jana, alirudi siku ya nane juu ya lori, amefunikwa. Kabla yake Lado mchinjaji, vilevile. Huku tunasema barabara ya Arua ina kwenda, haina kurudi. Wewe utaniambia walikufa kwa sababu walichelewa. Sisi tumeona walikufa kwa sababu walikwenda. Macho yangu ndiyo niyaite waongo?

Tena kuna jambo la aibu, na hili Dokta wako hawezi kulijua. Jeshini kila asubuhi nilikuwa napiga buruji ya wagonjwa, tarumbeta ya kuwaita kwa daktari. Wenye kisonono walisimama mstari wa mbele, watu wote wanaona. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa na miaka ishirini na mashavu yenye nguvu, nikaitungia buruji ile maneno, kambi nzima ikaimba:

Nani anatembea kama bata?
Toka mbele, tukuone!

Tahiru alisimama pale mara mbili. Nilimpigia mara mbili, kwa pumzi yote. Sasa hesabu mwenyewe: wazee wa Koboko karibu wote ni wa jeshi. Mzee akiona damu haendi kufikiri kibofu. Anasikia buruji langu. Akienda hospitali na shida ya huko chini, mji mzima utasema mzee alikuwa wapi, na nani. Afadhali aseme karkade.

Dokta wako aliuliza kwetu kuna nini. Kuna mimi.

Naogopa, Sadiya. Mutu wa miaka sitini na nane anaogopa chombo cha mkojo. Kila asubuhi nakitazama kwa jicho moja.

Taban


Awindiri, 20 Septemba 1972

Babu,

Leo sikupiga goti. Nimekaa na kitabu mapajani.

Ugonjwa ule unaitwa kansa. Tangu Julai nimeogopa kuliandika neno hili, nikaandika uvimbe, uvimbe. Umedanganya na mimi nimedanganya, sasa tuko sawa.

Jina lako nimeliandika kitabuni kwa penseli. Taban, Koboko, damu tangu Machi. Mistari miwili ya pembeni bado iko wazi. Sitaki kukuandika Amechelewa kwa mkono wangu. Dokta atakwenda tarehe 20, lazima ufike kabla. Anapima Jumatatu na Alhamisi. Usilete kuku, usilete kanzu. Lete miguu yako tu.

Nisamehe ukali.

Sadiya


Koboko, 12 Oktoba 1972, Ramadhani ya nne

Sadiya,

Salaam, na saumu njema. Barua yako ya wiki tatu nyuma imenifikia jana. Sikiliza ilivyonifikia.

Tangu vita vya kule kusini, mpakani na Tanzania, wanajeshi wameweka gogo barabarani mlangoni mwa mji. Basi la Ondoga walilipekua, barua zote wakachukua. Zimekaa kwao mpaka jana mchana, ndipo nikaitwa. Mbele ya soko zima, Sadiya. Afisa ni mtoto wa jana, hata ndevu za Imamu zinamshinda. Barua yako iko mkononi mwake.

“Mzee, Taban ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Damu tangu Machi. Damu ya nani?”

Hakungoja jibu, akageuza karatasi.

“Mistari miwili. Mistari ya askari? Askari wa nani? Dokta anaondoka tarehe ishirini, na wewe lazima ufike kabla. Ufike ufanye nini?”

Mjukuu wangu, nilipuliza buruji mbele ya majenerali wa Kizungu na mate hayakukauka. Jana yalikauka, na si kwa saumu. Soko lote limesimama. Siku hizi mutu akipandishwa kwenye gari lao, watu wake hawaulizi, wanafunga mlango tu. Nikamwona Medina kati ya wauza mihogo, ameshika kikapu kichwani kwa mikono yote miwili.

Nikasema: “Damu ni yangu, bwana mkubwa.”

“Inatoka wapi?”

Ukinong’ona mbele ya bunduki unaonekana mwongo. Nikasimama wima, nikajibu kwa sauti ya gwaride: “INATOKA KWENYE MKOJO WANGU!”

Askari mmoja nyuma akacheka, akajifunga mdomo. Afisa akasema: “Onyesha.”

Basi nikaonyesha. Nyuma ya kibanda chao, ndani ya kopo la maziwa. Alitazama kopo, akageuza uso haraka. Akanirudishia barua kwa mikono miwili, kama mtoto aliyefundishwa adabu. “Mzee, nenda hospitali.” Hata bunduki sasa inaniambia niende.

Nikadhani hiyo ndiyo aibu ya mwisho wa maisha yangu. Njiani nilingoja mtu aimbe habari ya bata. Hakuna aliyeimba. Jioni kabla ya futari akaja Jada, mzee wa jeshi kama mimi, akazungumza habari ya mtama, akamaliza mtama, akasema: “Taban, ile ya kopo. Kwako ilianza vipi?” Hajaondoka, mwenzetu Loro anapiga hodi. Wa tatu nani? Tahiru! Tahiru niliyemzulia! Akakaa, nikamkiri kwamba nilikuandikia jina lake badala ya langu; akatazama birika la ukwaju, akasema pole pole: “Nani alikuambia habari yangu?”

Ilimwanza Agosti, siku chache kabla ya ile harusi. Zile glasi tatu alizokunywa kwako alikuwa anatafuta sababu ya rangi, kama mimi.

Tunakuja Jumatatu, wazee wanne, basi la Ondoga. Weka benchi refu. Na tafadhali mtu yeyote pale asituambie tunatembea kama bata, kwa sababu tutakuwa tunatembea kama bata.

Taban


Awindiri, 23 Oktoba 1972

Babu,

Salaam na goti, magoti yote mawili. Mama anasema uliondoka kabla ya futari. Zulaika bado anacheka jinsi ulivyomsalimu Dokta kwa saluti.

Dokta alikwenda Ijumaa. Alinipa kalamu yake. Alhamisi alikuwa ameandika barua mbili za Kampala, ya Babu Tahiru na ya Babu Loro. Waambie wasikae nazo, wapande gari wiki hii. Babu Jada ana jiwe tu kibofuni, atatibiwa hapa, amenibusu mkono mbele ya manesi.

Uliondoka bila kuniuliza kitu. Mimi nilikuwa na maneno yangu tayari, na wewe ukaanza hadithi ya mbuzi.

Nimempa Ondoga kifurushi chako cha dawa. Kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, ukisikia maumivu. Ukihisi vinapungua, niandikie, vipo vingi.

Majina ya wenzako nimeyapitisha wino. Lako bado ni penseli.

Sadiya


Koboko, 12 Novemba 1972

Mjukuu wangu mpenzi,

Salaam, na Idi imepita salama, tumshukuru Mwenyezi Mungu. Bibi yako alivaa gurbaba mpya, ile nguo ya kwao, akawaumiza roho wanawake wa mtaa mzima. Imamu hatukumchinja, watu waliogopa jina. Tahiru ameandika kutoka Kampala: wamempasua, anakojoa kwa mpira kama gari linalovuja, lakini maji ni safi, na nesi anamwita “baba”. Loro atapasuliwa Jumanne. Duka la Mhindi wa uzi limefungwa. Vifungo vyake nitakufa sijavimaliza.

Unadhani sikuuliza kwa sababu sikujua. Sadiya, mpiga buruji anasoma nota kwenye karatasi ya mwenzake, kichwa chini, miguu juu, huku anatembea. Nilisimama upande wa pili wa meza yako. Dokta alivyokusomea majina, niliona kalamu yako ikishuka mstari wa Mapema mara mbili. Kwangu ikasimama. Nilikusikia unavuta pumzi. Ndiyo maana nikaanza hadithi ya mbuzi, ili uwe na kitu kingine cha kusikiliza.

Tahiru Agosti, mimi Machi. Miezi mitano. Miezi mitano ya birika.

Naogopa, sitakuficha tena, nimechoka kuficha. Siogopi sana mchana. Naogopa dakika ile ya asubuhi kabla ya kutazama. Nikishatazama inapungua.

Nimelitoa buruji sandukuni. Lina kutu, na mashavu yangu hayashiki upepo, linatoa sauti ya ng’ombe mgonjwa. Lakini Ijumaa baada ya swala nasimama sokoni napiga ile ya wagonjwa, wazee wanaitambua kabla sijafika katikati. Maneno nimebadilisha:

Nani anakojoa nyekundu?
Toka mbele, hatukucheki!

Wiki ya kwanza walicheka sana. Wiki ya pili walitoka wawili. Watakuja kwako na Ondoga Jumatatu. Najua Dokta mpya hajafika. Waandike hata hivyo, mkae nao benchini, mmoja ameona damu siku sita tu. Siku sita, Sadiya! Hata Ayivu hawajafanya hivyo.

Na jina langu lipitishe wino. Kitabu cha penseli ni kitabu cha uongo, na atakayekuja baada ya Dokta atakifungua, ataweka kidole juu ya Koboko kama yule, atauliza kwetu kuna nini. Aone.

Jambo la mwisho. Siku ya Idi nilirudi kutoka msikitini, birika lipo mezani. Nikamimina. Nyekundu. Nikamtazama Medina.

“Ukwaju umekwisha sokoni?”

“Haujakwisha,” akasema. “Sasa rangi ni rangi tu.”

Akaketi karibu yangu, upande huuhuu wa meza, akajimiminia na yeye. Nikanywa mpaka chini. Inakaza meno vilevile.

Babu yako,
Taban

Wino, Sadiya.